Kutibiwa Bure, Kwenda Bure

Shangazi yangu ana miaka 73, presha ya kupanda, na mlima wa kuteremka kila mwezi. Anaishi Kibosho, ndani kabisa kwenye migomba, na zahanati anayotibiwa iko huku chini, njia ya kwenda Moshi mjini. Kadi yake ya matibabu ya wazee anaitunza kwenye bahasha ya kaki, pamoja na kitambulisho cha NIDA, karatasi za vipimo vya zamani na daftari dogo la shule ambalo kila dokta huandika humo. Bahasha anaifunga kwa kitambaa, kitambaa anakiweka kifuani. Akifika dirishani huanza kufungua tabaka moja baada ya jingine, taratibu. Juu ya dirisha kuna tangazo: MPISHE MZEE APATE HUDUMA KWANZA. Na watu humpisha kweli.

Machi mwaka huu nilimsindikiza. Bodaboda kutoka nyumbani hadi barabara kubwa ni shilingi 2,000, Hiace 1,000. Tulifika saa mbili asubuhi. Presha ilipimwa, ikawa juu, dokta akamwandikia vidonge vilevile anavyomeza miaka yote. Kwenye dirisha la dawa, binti aliangalia karatasi, akageuka kuangalia rafu, akasema kwa upole kabisa: "Bibi, hizi zimeisha. Kanunue duka la nje, au urudi Alhamisi."

Shangazi akashukuru, akakunja bahasha yake. Njia nzima hakunena neno. Tulipokaribia kwake, jirani akamwuliza habari za hospitali, naye akajibu: "Aa, nimekwenda bure tu."

Nimelitafakari sana jibu lile. Kiswahili kimelipa neno hilo maana mbili: bila malipo, na bila faida. Mgonjwa wa msamaha, yaani aliyesamehewa kulipa, anatibiwa bure, na siku nyingi anakwenda bure. Bure ya kwanza ina sera, ina bango, ina hotuba. Bure ya pili haina hata mahali pa kuandikwa.

Sisemi kwa mafumbo. Kila kituo cha afya nchini kinajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, na wagonjwa wa nje wana kitabu chao. Jina la shangazi liliingia humo siku ile, pamoja na umri, ugonjwa na dawa alizoandikiwa. Kwa takwimu za mwezi, yeye ni mgonjwa aliyehudumiwa. Angegeuziwa getini kwa sababu dokta yuko semina, asingeingia kabisa, na takwimu zingebaki safi vilevile. Hakuna kitabu cha walioondoka mikono mitupu. Kwa hiyo kikao cha wilaya kinapokaa kuuliza kwa nini wazee wenye presha hawaji kliniki kila mwezi, jibu linalopatikana haraka ni kwamba wazee hawana elimu.

Turudi kwenye hesabu ya shangazi, maana elimu ya hesabu anayo. Kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Vidonge 30 kwenye duka la dawa pale barabarani ni 5,000. Kurudi Alhamisi kufuata dawa za bure kungemgharimu 1,000 zaidi ya kuzinunua, na hakuna aliyemhakikishia kuwa Alhamisi zitakuwepo. Alichofanya ni kununua pakti moja ya vidonge kumi, akavigawa mwenyewe: leo anameza, kesho anaruka. Nilimgombeza. Akaniambia, "Mwanangu, nusu si ni bora kuliko hakuna?" Kwa presha jibu lake ni baya, lakini sikuwa na jibu zuri zaidi la kumpa zaidi ya kutoa pesa mfukoni mwangu, na wazee wengi hawana mtu wa kuwasindikiza.

Wapo wanaosema tatizo la bure ni kwamba watu hawathamini wasicholipia, na kwamba wakichangishwa kidogo wataheshimu huduma. Hoja hii ina umri mrefu kuliko watu wanaoirudia. Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lilitangazwa hapa jirani mwaka 1967, na kwa miaka zaidi ya 20 baada yake matibabu ya serikali hayakuwa na bei dirishani. Mwaka 1993 uchangiaji ulianza, kwanza kwenye hospitali kubwa, kisha ukateremka ngazi kwa ngazi hadi vijijini. Pamoja nao ikaja orodha ya wasiotakiwa kulipa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu na wengine wa magonjwa maalumu, na baadaye wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo zilipoanza kutolewa 2004 zilikuwa za bure. Ni orodha nzuri, na mimi naitetea. Ila mgonjwa aliyemo kwenye orodha hii ameshalipa kabla hajafika dirishani. Amelipa bodaboda, amelipa siku ya kazi, na mama wa mboga pale soko la Mbuyuni amelipa asubuhi nzima, ambayo ndiyo biashara yenyewe. Zahanati inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, saa zilezile ambazo mtu wa kipato cha siku anatafuta cha siku.

Lakini kiini cha dawa kuisha hakiko kwa mgonjwa, wala kwa binti wa dirishani, ambaye nilimwona dakika kumi baadaye akichoma sindano chumba kingine na baadaye kidogo akimpima mtoto uzito. Kiko kwenye pesa. Zahanati inaishi kwa vyanzo vichache: dawa zinazotoka Bohari ya Dawa kwa fungu la serikali, fedha zinazoingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, malipo ya wanaolipa taslimu, na marejesho ya bima. Mgonjwa wa msamaha anakuja na haki yake, lakini nyuma yake haji mtu na hundi. Chukulia zahanati inayopokea watu 40 kwa siku, 25 kati yao wa msamaha. Wale 15 wanaolipa ndio wanaotegemewa kununua dawa za nyongeza za wote 40 pindi mgao wa Bohari unapokata. Kadiri kituo kinavyotii sera, ndivyo rafu yake inavyokauka mapema. Mganga mfawidhi mwenye huruma anamaliza dawa kabla ya yule mkali, na robo ya mwaka ikiisha, mwenye huruma ndiye anayeulizwa maswali.

Tumetunga msamaha usio na mlipaji, kisha tunamshangaa nesi anayekunja uso akiona kadi ya mzee.

Na hilo neno msamaha lenyewe, nani alilichagua? Msamaha huombwa na aliyekosa. Mzee aliyelima kahawa miaka 40, akauza kupitia chama cha ushirika, akakatwa makato ya kila aina, leo anaambiwa nenda kwa afisa ustawi wa jamii ukaombe msamaha. Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya namna hiyo nikimsubiri mtu. Wanaoingia huinamisha kichwa kama wanaokwenda kwa mwalimu mkuu. Ndani wanaulizwa: una watoto wangapi, wanafanya kazi gani, mbona hawakusaidii? Maswali yana mantiki ya kiofisi, hilo najua. Ila kwa Mchaga, kueleza mbele ya kijana asiyemjua kwamba watoto wake watano walioko Dar es Salaam hawatumi kitu, ni aibu kuliko ugonjwa. Wengine hunyanyuka kabla hawajaitwa, na unaweza kukisia kama wamo kwenye kitabu chochote.

Kabla ya ofisi hiyo kuna barua. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, ikagongwe muhuri kwa mtendaji. Mtendaji yupo Jumatatu na Jumatano, au yuko kata, au yuko na mgeni kutoka wilayani. Kuna pahali barua ni bure, kuna pahali unaambiwa utoe cha karatasi.

Barua inayoniudhi kuliko zote, hata hivyo, si ya wazee. Mjamzito anapokwenda hudhurio la kwanza la kliniki, ushauri wa kitaalamu ni aje na mwenza wake, wapimwe wote wawili virusi vya UKIMWI. Ushauri mzuri, umeokoa watoto wengi. Lakini kuna zahanati ambako ushauri umegeuka sharti. Mwanamke akija peke yake anarudishwa: kamlete mume. Hana? Basi akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana. Hebu fikiri: binti wa miaka 19 anayefanya kazi za ndani Sakina, Arusha, mimba ina miezi minne na aliyempa mimba amezima simu, anatakiwa akasimame mbele ya mwenyekiti ambaye ni jirani wa bosi wake, amwandikie cheti cha kuachwa. Watafiti walioongea na wanawake kama hao nchini wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi, na wamesikia pia suluhisho ambalo wanawake wamejitungia: unamkodi kaka wa bodaboda anakaa na wewe kwenye benchi kama mume. Anapimwa yeye, anahesabiwa yeye, wote wanafurahi. Mfumo umepata idadi ya wenza waliopimwa, binti amepata kadi ya kliniki, na mwanamume ambaye ndiye haswa alipaswa kupimwa yuko zake stendi.

Kisha vifaa. Kujifungua ni bure, lakini uliza mama yeyote mjini hapa alibeba nini kwenye begi: glovu, pamba, uzi, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika. Anayekwenda bila vitu hivyo hafukuzwi, ila anajua atakavyotazamwa. Sirefushi hapa, maana hakuna familia isiyoijua orodha hiyo.

Watu wa magonjwa yenye matibabu marefu wana kisa chao. Kibong'oto, kule Siha, imekuwa hospitali ya kifua kikuu tangu 1926. Ni hospitali ya maana sana kwa taifa. Mwaka 2009 ndipo matibabu ya kifua kikuu sugu yalipoanzia nchini, hapo hapo. Dawa ni bure, vipimo vya makohozi ni bure. Na miongoni mwa wagonjwa wake wa kila mwaka wamo wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, ambao mapafu yao yameshaliwa na vumbi la mawe kabla hata vijidudu havijafika. Sasa angalia uchumi wa shimoni. Mwanaapolo kwa kawaida hana mshahara. Anakula chakula cha mwenye mgodi, anashuka, anapanda, anasubiri jiwe. Jiwe likitoka siku hayupo, mgao nao unampitia mbali. Unapomwambia mtu huyu kwamba matibabu ni ya miezi sita, dawa hazina gharama, na kwamba miezi ya kwanza aje kila mara aangaliwe, unamtaka aache tiketi ya bahati nasibu aliyoilipia kwa mapafu yake. Anaanza dawa vizuri, mwezi wa pili kikohozi kinapoa, anasikia shimo la jirani limetoa, anatoweka. Kwenye kitabu chetu ataandikwa "mtoro". Hilo neno nalo tumelitoa shuleni.

Kinachosaidia kwa watu kama hawa kinajulikana na kimeshajaribiwa humu humu nchini: mgonjwa kuchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia anapomeza dawa, badala ya kuja kituoni kila siku, na kwa wenye VVU waliotulia, kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hakuna aliyejenga hospitali mpya kwa hilo. Walipunguza safari tu. Cha ajabu, shangazi yangu mwenye presha, ambaye ataimeza dawa hiyo hadi mwisho wa maisha yake, bado anapewa ya mwezi mmoja, pale inapokuwepo. Ukiuliza kwa nini, unarudi palepale: hazitoshi, tukimpa za miezi mitatu wengine watakosa. Kwa hiyo upungufu wa rafuni unahamishiwa kwenye miguu ya mzee.

Upande wa Arusha kuna kizuizi ambacho sisi wa mijini tunakisahau kwa sababu tunadhani kila mtu anaongea lugha yetu. Mama wa Kimaasai kutoka Longido au Monduli anakuja na mwanawe wa darasa la sita kama mkalimani. Dokta anauliza: mama anatokwa uchafu sehemu za siri? Mtoto anatazama sakafu. Kisha anamgeukia mama yake na kusema kitu kifupi sana, kifupi kuliko swali. Mama anajibu kwa sentensi ndefu. Mtoto anatafsiri: "Anasema hapana." Hakuna shilingi iliyodaiwa hapo, lakini huduma imekwama, na anakwenda nyumbani na vidonge vya tumbo. Katika jiji lenye vijana wengi wanaoongea Kimaasai na Kiswahili kwa ufasaha, wakiwemo walinzi wa mageti ya zahanati hizohizo, nashindwa kuelewa kwa nini mkalimani bado ni mtoto wa mgonjwa.

Nije kwenye kambi, maana nikiziacha nitaambiwa nimeogopa. Juni 2024 uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa watu waliofuata matibabu ya bure ya madaktari bingwa. Tangu hapo kambi za namna hiyo, kubwa kwa ndogo, zimekuwa kawaida mikoani. Ukiongeza vikundi vya wageni wa kujitolea wanaopita Moshi na Arusha kila msimu na mashine zao za presha na masanduku ya miwani, huwezi kusema hatuna huduma za bure. Sizibezi. Kuna watu wameonana na daktari bingwa kwa mara ya kwanza maishani kwenye hema, na kuna matatizo ambayo hema linatosha kabisa: jino la kung'oa, miwani ya kusomea, kipimo cha shingo ya kizazi.

Ila foleni ile ya uwanjani mimi niliisoma tofauti na wanasiasa. Wao waliona mwitikio. Mimi niliona watu ambao kwa miaka walikuwa wanakwenda bure kwenye vituo vyao vya kata. Na kambi ina ugonjwa wake: inakupa jina la tatizo, haikupi mwaka unaofuata. Mzee anaambiwa ana kisukari, anapewa vidonge vya wiki mbili, hema linang'olewa. Mwingine anaambiwa tezi inahitaji upasuaji, anapewa karatasi ya rufaa. Karatasi ya rufaa bila nauli, bila msamaha na bila bima, ni barua ya kumjulisha mtu anaumwa nini. Alikuja anaumwa, anaondoka anaumwa na anajua.

Matumaini yamewekwa kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ndani yake kuna jambo nililolililia hapo juu: mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ili mgonjwa wa bure naye awe na mlipaji nyuma yake. Likitekelezwa kwa dhati, zahanati yenye wazee wengi itakuwa na sababu ya kuwataka badala ya kuwaogopa. Nina mashaka mawili. La kwanza, nani atamtambua asiye na uwezo? Kama ni mwenyekiti na mtendaji walewale, na barua zilezile, tutakuwa tumebadili jina la foleni. La pili, kadi haizalishi vidonge. Tulikuwa na CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na malalamiko yaliyoiua mioyoni mwa watu hayakuwa bei. Yalikuwa "dawa hakuna". Mtu alilipa, akaenda, akaandikiwa akanunue nje. Mwaka uliofuata hakulipa tena, wala usimlaumu.

Wakati tunasubiri bima imfikie kila mtu, kuna mambo ambayo mganga mfawidhi anaweza kuyafanya Jumatatu asubuhi bila kuomba kibali Dodoma. Kuandika kwa chaki ukutani dawa zilizopo na zisizokuwepo leo. Kuweka daftari jingine, la kawaida tu, la waliokosa: jina, kijiji, alichokosa, na kulipeleka kwenye kikao cha wilaya pamoja na vitabu vya MTUHA. Kufungua kliniki ya presha na kisukari jioni moja kwa wiki. Kumwambia mjamzito aliyekuja peke yake, karibu mama, kaa. Na simu. Vituo vina simu, wagonjwa wana simu, hata shangazi ana kitochi chake. Lakini hakuna namba inayopokelewa ukitaka kujua kama usafiri wako una maana.

Shangazi ameshalitatua hilo kivyake. Kuna kijana wa bodaboda anayeegesha nje ya geti la zahanati, jina lake halina haja hapa. Kila siku ya kliniki, asubuhi na mapema, shangazi anampigia. Kijana anaingia hadi dirisha la dawa, anauliza kama vidonge vya bibi vipo, anarudi kupiga simu. Kwa kazi hiyo shangazi humtumia shilingi 500 kwa simu, na husema ndiyo pesa pekee ya matibabu anayoitoa bila uchungu. Jumanne iliyopita nilikuwa naye jikoni simu ilipoita. Kijana alisema zipo, lakini amewaona wazee wanne mbele, na kwamba akiweza aje sasa hivi. Shangazi alikuwa ameshajifunga kanga ya pili, bahasha iko kifuani.